Karatasi Nilizoruka

Wiki ile ya mafunzo kule Bweremana, mimi ndiye niliyekuwa nikiongea kuliko wote. Tulikuwa watu ishirini hivi, walimu, wauguzi, waimbaji wa kwaya, tumekusanywa kutoka vilima vya Masisi na misitu ya Walikale ili tujifunze namna ya kuwafundisha vijana mambo ya mwili wao. Asubuhi tulisoma, mchana tukala ugali na sambaza, vile visamaki vidogo, huku tukitazama ziwa, kisha tukarudia yale ya asubuhi. Mkufunzi alipouliza nani atakuja mbele kutaja sehemu za mwili wa mwanamke, wenzangu wote walianza kutafuta kalamu zilizoanguka chini ya meza. Mimi niliinuka. Nikazitaja zote kwa Kifaransa safi, moja baada ya nyingine, kama mtoto anayetaja mito ya Kongo mbele ya inspekta. Walinipigia makofi. Nilikuwa mwalimu wa shule ya msingi, mjane, shemasi kanisani, umri umepita arobaini, na siku hiyo nilijiona mwanamke asiyeogopa kitu.

Kumbe ujasiri wangu ulikuwa wa Kifaransa tu. Kwa Kifaransa maneno yale hayana harufu. Ni ya daktari na ya kitabu cha biolojia, unaweza kuyasema ukiwa unakula. Kwa Kiswahili yanakuwa matusi ya sokoni. Na katika lugha niliyonyonya kwa mama yangu, mengine sikuwahi kuyasikia yakitoka kinywani mwa mtu mzima mwenye akili timamu. Hayo niliyagundua nilipokwisha kurudi nyumbani, Nyamitaba huko Masisi, na chombo cha kazi mgongoni.

Chombo chenyewe wote tulikiita boîte à images. Jina linasema sanduku, lakini si sanduku. Ni karatasi ngumu, kubwa kama sinia, zimeshikwa pamoja upande wa juu kwa waya, nawe unazisimamisha mezani zikae kama paa la nyumba. Upande mmoja una picha na unawaelekea wanaosikiliza. Upande wa pili una maneno na unamwelekea anayefundisha. Unasoma, unageuza, picha nyingine inatokea. Karatasi zilikuwa ishirini na nne, kila moja ina namba yake pembeni.

Kikao cha kwanza nilikifanya Jumatano baada ya masomo, katika darasa langu mwenyewe. Walikuja wasichana na wavulana wa sekondari, wamebanana kwenye madawati ya watoto wadogo, magoti yamewafika kidevuni. Nyuma kabisa walikaa mama wanne wa kanisa. Walisema wamekuja kunisaidia. Niliwafahamu vizuri: walikuja kusikiliza nitasema nini ili wakasimulie.

Karatasi ya kwanza hadi ya nane zilikwenda vizuri. Kukua, chunusi, sauti kubadilika, kuoga, kuheshimiana. Nilichekesha watu, maana najua kuchekesha. Nilipofika mwisho wa ya nane na kushika karatasi niigeuze, yule mama mkubwa wa kikundi, aliyekaa nyuma, akakohoa.

Alikohoa tu. Nyamitaba ni baridi, watu hukohoa. Lakini mimi nilisikia hukumu. Nilijua kilichoko kwenye ya tisa, nikajua pia ya kumi, ya kumi na moja na ya kumi na mbili: mwezi wa mwanamke, siku zake na namna ya kuzisoma, mimba inavyoingia na inavyozuiwa, magonjwa. Kidole gumba changu kikashika karatasi tano badala ya moja. Ikatokea namba kumi na tatu: baba, mama na watoto wamekaa mezani wanazungumza kwa uwazi.

"Batoto," nikasema, "muheshimu bazazi."

Wakaitikia wote pamoja. Mama wa nyuma wakatikisa vichwa kwa kuridhika. Nami nikashusha pumzi kama aliyevuka mto.

Basi ikawa desturi. Kila Jumatano kidole kilijua njia yake, hata sikuwa tena na haja ya kukituma. Na kwenye raporo, ile ripoti niliyokuwa nikituma kila mwezi kwa watu wa mradi uliotufundisha Bweremana, mahali palipoandikwa karatasi zilizofundishwa, niliandika: zote. Mwandiko wangu ni mzuri, walimu wengi wananisifia. Zile nne ndizo zilizofanya chombo kizima kichapishwe. Nyingine zote vijana wangeweza kuzisikia kwa katekista. Nilijua hivyo wakati huo huo nilipokuwa naandika. Nisiseme sikujua.

Sasa kuna desturi moja ya kwetu ambayo lazima niieleze, maana yote yamesimama juu yake. Kwetu, baba hamwambii binti yake kitu. Mama naye anasema kidogo, tena kwa mafumbo. Kazi ni ya shangazi, dada ya baba. Binti akishakua, baba anamleta kwa dada yake wakati wa likizo kubwa, na haji mikono mitupu: zamani ilikuwa pombe, siku hizi ni jibini. Anakaa kidogo, anasifia maharagwe shambani, anaondoka. Hasemi binti ameletwa kwa ajili ya nini. Anayemleta anajua, anayempokea anajua, na anayeletwa anajua kuwazidi wote.

Kaka yangu anafuga ng'ombe juu kabisa, mwendo wa saa tatu kwa miguu kutoka kwangu. Tulizaliwa wengi, tumebaki wawili. Mwaka ule alinishushia binti yake wa kwanza. Alikuwa na miaka kumi na minane na alikuwa anaingia mwaka wa mwisho wa sekondari. Angemaliza mapema zaidi, lakini kukimbia vita kulikuwa kumemlia miaka miwili ya masomo. Alitaka diploma ya Serikali, kisha aende kusomea udaktari wa mifugo. Hakuwa akisema kwa kuota. Tayari majirani walikuwa wakimwita ng'ombe akikwama kuzaa, na baba yake, mtu asiyesifia kitu, alikuwa akimsimulia kanisani.

"Dada," kaka yangu alisema akiwa ameshika fimbo yake tayari kuondoka, "nakuachia mutoto. Unajua."

"Najua," nikamjibu.

Binti alikaa kwangu wiki tatu. Alikuja kwenye kikao cha Jumatano, ambacho hata likizo haikukikatiza, akakaa mbele, akasikiliza kila neno kama anayelipwa. Siku ya pili yake tulikuwa shambani tunang'oa maharagwe, sisi wawili tu, ukungu haujaondoka. Nilisema moyoni, sasa, hapa hapa, hakuna mtu. Nikafungua kinywa, nikasema udongo wa mwaka huu una maji mengi. Yeye ndiye aliyenisaidia. Aliuliza bila kuinua uso:

"Shangazi, ile buku yako ya picha inatoka ku namba munane, inaenda ku kumi na tatu. Zile zingine ziko wapi?"

Mlango ulikuwa umefunguliwa kabisa, na yeye ndiye aliyeufungua. Ningeingia tu. Lakini nilihisi nimekamatwa, na mimi nikikamatwa nakuwa mkali. Mume wangu marehemu alikuwa akisema mimi ni kuku anayetaga huku anadonoa.

"Na wewe unahesabu namba juu ya nini?" nikamrukia. "Musichana mwenye kutafuta mambo ile, iko kitu anaficha. Iko mwanaume?"

Masikio yake yaliwaka. "Hapana, shangazi. Unisamehe."

Akainama, tukaendelea na maharagwe. Hakuuliza tena. Nami kila siku nilijiambia kesho, na kila kesho ilikuwa na kazi yake: mara kuna mgeni, mara mvua, mara nimechoka. Chombo nilikitia ndani ya sanduku la nguo, nikafunga na kufuli, ufunguo nikaufunga kwenye pindo la kitenge changu, kana kwamba nalinda dawa ya panya. Siku ya kuondoka nilimpa kitambaa kipya cha kushona, nikamkumbatia, nikamwambia, "Ujichunge." Hilo ndilo somo lote alilolipata kwangu. Jibini nilikuwa nimeshalimaliza.

Likizo ya Pasaka iliyofuata, kaka yangu alinipigia simu akasema neno moja: "Kuja." Nilipanda mlima nikijua. Nilijua kabla sijafika, kama unavyojua mvua kwa goti.

Nilimkuta binti peke yake zizini, anakamua. Alikuwa amekonda usoni, na chini ya sweta lake tayari palionekana. Aliyempa mimba alikuwa kijana wa kijiji cha jirani, mwendesha pikipiki, ambaye tangu Januari alikuwa ameshuka Walikale kutafuta kazi ya kuchimba. Alimpenda, hakulazimishwa, hilo alinihakikishia mara mbili. Sikumuuliza kingine. Yeye ndiye aliyetaka kueleza.

"Nilihesabu, shangazi," akasema. "Nilihesabu muzuri. Sikucheza."

"Ulihesabu nini?"

Akanieleza, polepole, mikono bado iko kwenye kiwele. Tangu mdogo baba yake alikuwa amemfundisha kumsoma ng'ombe. Ng'ombe akitaka dume, anapanda wenzake, analia, hatulii. Halafu siku moja au mbili baadaye unaona damu kidogo karibu na mkia. Ukiiona hiyo damu, unajua wakati wake umepita jana tu. Kama dume hakuletwa, umechelewa. Damu na kushika mimba ni majirani, hivyo ndivyo wafugaji wote wa kwetu wanavyojua, na kwa ng'ombe ni kweli. Yeye hakuwa na wa kumwambia tofauti. Akafikiri kwamba naye, siku za hatari ni zile za karibu na damu yake, na kadiri anavyokaa mbali na damu ndivyo anavyokuwa salama. Akachukua kalenda, akatafuta siku iliyo mbali kabisa pande zote mbili, katikati. Akamwambia yule kijana angoje mpaka siku hiyo, na kijana akangoja.

Karatasi namba kumi ni duara la siku, zimepangwa kama shanga. Chache ni nyekundu. Na za katikati, upande wa pili wa duara, zimechorwa kwa rangi ya majani, kuonyesha kwamba hapo ndipo mimba inapoingia kwa urahisi. Chini yake pameandikwa kwamba siku hizo huhama, na kwamba kuhesabu peke yake si kinga ya kutegemewa, na karatasi inayofuata inaonyesha kinga zenyewe. Mtoto yule alikuwa ameichagua, kwa uangalifu wake wote, siku mbaya kuliko zote za mwezi.

Kaka yangu, ambaye hakuweza kumwambia binti yake neno moja juu ya mwili wake, alikuwa amemfundisha mwili wa ng'ombe hadi mwisho, bila aibu yoyote, tena kwa fahari. Na mimi niliyepewa kazi ya kusema lile lililobaki nilikuwa nimesema habari za udongo.

Nilitaka kulia. Badala yake nikafoka. "Muntu iko ng'ombe?"

"Sikukuwa na kingine cha kuangalia," akanijibu. Hakusema kwa kisirani. Akainua ndoo, akaenda kuchuja maziwa.

Mchana ule tulikaa nyumbani kwa kaka yangu: yeye, mimi, binti, na baba yetu mdogo, mzee wa ukoo, ambaye ndiye anayekata maneno yakifika hapo. Mama wa binti alikaa karibu na mlango wa jikoni. Katika ukoo wetu jambo hili lina swali lake, na swali linatangulia mengine yote. Mzee anauliza kama shangazi alimfundisha binti. Kama hakufundishwa, kosa linaingia nyumba ya shangazi: ndiye atakayemchukua, atamlea mpaka ajifungue, atabaki na mtoto, na binti atarudi kwa baba yake na kuendelea na mambo yake. Hakuna anayemgusa kwa maneno. Lakini kama alifundishwa, basi alijua alichokifanya, na anakwenda kwa watu wa mwanaume.

Kwa hiyo diploma yake, udaktari wake, mwaka wake wa mwisho aliokuwa amebakiza miezi michache tu, vyote vilikuwa vimewekwa kwenye ulimi wangu. Ningesema neno moja, hapana, naye angerudi darasani mwaka uliofuata. Na mimi ningekuwa mwalimu wa vijana wa kilima kizima ambaye hakumfundisha mtoto wa kaka yake. Mama wa kanisa wangepata cha kusimulia hadi Noeli.

"Wewe shangazi," mzee akasema, "ulimufundisha?"

"Nilimufundisha, papa mudogo."

Ningeishia hapo, labda leo ningekuwa na cha kujitetea. Lakini nilikuwa nimepanda mlima na chombo changu. Nilikibeba kutoka nyumbani nikijua kabisa nakibebea nini. Nikakitoa kwenye mfuko, nikakisimamisha juu ya kigoda mbele yao, nikafungua namba tisa, nikafungua namba kumi. Nikaeleza. Nilieleza duara, siku nyekundu, siku za katikati, nikaeleza mimba na namna ya kuizuia, nikatumia Kiswahili, nikatumia hata lugha ya mama yangu, na ulimi haukukwama popote. Mbele ya kaka yangu na mzee wa miaka themanini nilisema maneno yote niliyoshindwa kuyasema shambani kwa msichana aliyeniuliza. Mzee alikuwa ameinamisha uso kwa haya. Mimi sikuwa na haya hata kidogo. Hilo ndilo ninalolikumbuka vibaya kuliko yote.

Binti alikuwa anaitazama picha. Alisogea mbele kidogo kwenye mkeka, akanyoosha kidole, akakiweka katikati ya duara, kwenye zile siku za rangi ya majani. Niliona midomo yake inahesabu. Kisha akaelewa, na nikaona wakati aliponielewa na mimi pia.

"Mutoto," mzee akamwita, "iko kweli? Shangazi alikufundisha hivi?"

Ng'ombe walikuwa wanalia nje. Nilitazama chini, nikaanza kuomba, na sitasema hapa niliomba nini.

"Iko kweli, babu," akasema. "Alinifundisha yote."

Mpaka leo sijui kwa nini. Labda ni adabu tu. Mtoto wa kwetu hamwiti shangazi yake mwongo mbele ya wanaume. Labda alinihurumia. Nikifikiri kwamba alinihurumia, siwezi kumaliza chakula changu.

"Basi alijua," mzee akasema, na neno likakatika hapo.

Kaka yangu alichukua fimbo yake, akatoka kwenda kwa ng'ombe. Mke wake alifunika uso kwa kitenge. Wiki mbili baadaye binti alipandishwa lori kwenda Walikale kwa mama wa yule kijana, anayekaa kando ya njia inayoelekea machimbo ya Bisie. Nilimpa blanketi. Alilipokea kwa mikono miwili, akasema asante, shangazi.

Tangu siku ile nasoma karatasi zote. Niwaambie lililotokea? Hakuna lililotokea. Jumatano ya kwanza niliyofungua namba tisa, vijana walicheka dakika mbili, kisha wakanyamaza na kusikiliza kuliko walivyowahi kusikiliza. Yule mama mkubwa aliyekohoa alibaki baada ya wote kuondoka. Nikajua sasa yamenifika. Akavuta dawati karibu, akaniomba nirudie ya kumi polepole, kwa sababu yeye, na watoto wake tisa, hakuwahi kuambiwa. Alikuwa na maswali mengi kuliko msichana yeyote. Watu wa mradi walikuja wakaniona nikifundisha, wakanisifia, wakanipiga picha nimesimama kando ya chombo. Mficha uchi hazai, tunasema. Mimi nilificha uchi na aliyezaa ni mwingine.

Mwaka wa pili mradi ulinituma Walikale siku tano kumsaidia mwenzangu wa kule. Nilikwenda kumwona binti wa kaka yangu. Anakaa nyumba ya mbao yenye bati jipya. Yule kijana anachimba, anarudi mwisho wa wiki, si mtu mbaya. Ana mtoto wa kiume mnene, na tayari alikuwa mjamzito tena. Asubuhi anakaanga mikate na kuwauzia wachimbaji wanaopita. Alinipikia wali na sombe ya majani ya muhogo, akaniwekea maji ya kunawa, akanionyesha mbuzi wake watatu, akaeleza yupi ana minyoo na anamtibu vipi. Niliyabeba maneno ya kuomba msamaha kutoka Masisi, njia nzima, barrière baada ya barrière, vile vizuizi vya barabarani, nikiyapanga. Mama mkwe wake alikaa nasi. Alipotoka nje kidogo nikafungua kinywa.

"Umenenepa," nikamwambia.

Akacheka. Kisha akauliza, akiwa anamfuta mtoto pua, "Shangazi, bale benzangu ba kilasi, balipataka diploma?"

"Bamoja balipata," nikasema.

"Iko muzuri," akasema, na akaongeza wali kwenye sahani yangu.

Nilirudi nimeapa kumwambia kaka yangu ukweli. Ilinichukua mwaka mwingine. Ninaandika hivyo ili mtu asidhani niliamka siku moja nikawa mwema. Nilimwona kanisani, nilimwona kwenye mazishi, nilimwona sokoni anauza ndama, na kila mara palikuwa na mtu karibu, au hapakuwa na mtu na hiyo ndiyo ikawa sababu.

Likizo kubwa iliyopita, alasiri, nilikuwa napepeta maharagwe nje nikamwona anashuka kilima na fimbo yake, na nyuma yake binti yake wa pili na mfuko wa nguo kichwani. Alikaa kwenye kiti. Nilimtuma binti kisimani atuletee maji. Kaka yangu akaanza kusifia maharagwe. Sikumwacha afike mbali.

"Kaka," nikasema, "yule wa kwanza, mi sikumufundisha. Hata neno moja. Siku ile mbele ya papa mudogo nilidanganya. Na yeye alinifunika."

Nikangoja. Nilitaka anitukane, nilitaka ainue ile fimbo. Mwaka mzima nilikuwa nimejiandaa kwa hasira yake.

"Nilijua," akasema.

"Tangu lini?"

"Siku ileile. Wewe ukisema kweli unasemaka kidogo. Siku ile ulisema sana."

Nilikosa pa kuweka ungo. Nikamuuliza kwa nini alinyamaza, kama alijua, kwa nini alimwacha mtoto wake apande lori. Alijibu bila ukali wowote, akitazama chini kuelekea barabara.

"Kama ningesema, aibu yote ingekuingia wewe. Ungetoka mu kanisa, ungetoka mu kazi, bantu bangekucheka ku soko. Baba na mama bamekufa, bandugu bote bamekufa. Dada niko naye mumoja tu. Mabinti niko nao banne."

Nilikuwa tayari kwa kila kitu isipokuwa kupendwa namna ile. Niliona aibu ambayo sikuwahi kuiona hata siku ya mkekani, kwa sababu ile ilikuwa yangu peke yangu, na hii ilitokana na heshima yangu kununuliwa kwa mtoto, na aliyeinunua alikuwa ananitazama kwa upole akisubiri niseme asante. Nilipogeuka, binti yake wa pili alikuwa amesimama kwenye kona ya nyumba na bidoni ya maji mkononi, na kwa uso wake nilijua amesimama pale muda mrefu. Alitua maji chini, akaja, akanipa mkono huku amepiga goti kama walivyomlea, akaniuliza aweke wapi nguo zake.